Neno Ndani ya Kartoni

Kolwezi, Jumatatu, 6 Julai 1987

Miaka thelathini na tisa tangu nitoke Kasongo. Nilikuja kwa kazi ya mwaka mmoja! Wabelgiji wakaondoka, nchi ikabadilishwa jina, na sisi wenyewe tukabadilishwa majina. Mimi nikabaki na duka la piesi za magari. Sasa basi. Tiketi ya treni ya kurudi ninayo. Kaka yangu ameandika kwamba nyumba ya baba imeezekwa upya. Mto Lualaba hapa bado ni kijana; kule kwetu ni mzee mpana. Mwisho wa mwezi nitaufuata.

Leo fundi Badibanga amefunga garnitiri mpya kwenye kamio, lori la mkwe wangu Swedi – vile vibao vya breki vinavyobana ndani ya gurudumu. Zimetoka dukani kwangu, kartoni ya Ulaya, nailoni haijaguswa. Za zamani akazitia katika mfuko na kumrudishia, kama desturi ya gereji zetu: mteja aone kwa macho kwamba kweli zimetolewa.

Swedi akacheka. "Tata Badibanga, bitu bya kufa hibi mi nitafanya nabyo nini? Nitapika?" Akauacha mfuko palepale.

Jumanne, 7 Julai

Wameondoka asubuhi kwenda Musumba kununua mihogo. Binti yangu Shida amekwenda na mumewe. Watu wengi juu ya mizigo. Nikapaza sauti: polepole kwenye miteremko ya mto Lulua! Shida akatoa kichwa dirishani.

"Papa, si umetutilia breki ya Bazungu? Lala tu!"

Jumatano, 8 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Mteja alikuja kutaka garnitiri zilezile. Nikakata nailoni, nikashika kalamu. Kila kartoni ninayouza, isipokuwa ile ya mkwe wangu, naandika ndani ya mfuniko neno moja, *amana*, kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha baba. Piesi ikiharibika, lete mfuniko, nakubadilishia. Hakuna muuza piesi mwingine mjini anayeandika hivyo.

Nikafunua. Neno lilikuwepo tayari.

Mwandiko wangu! Alifu yenye mgongo ulioinama, wino umefifia. Kartoni "mpya kutoka Antwerp", na ndani yake mkono wangu wa miaka iliyopita.

Nikamwambia mteja hakuna. Nikafunga duka. Nikafungua kartoni zote. Mbili zaidi zina neno, zote za mzigo uleule wa garnitiri za Swedi.

Nikachukua kibao kimoja cha kartoni hizo hadi gereji, tukakiweka juu ya mbabula, jiko la makaa, pamoja na kibao kimoja cha zamani cha Swedi. Cha zamani kilibadilika rangi, kikatoa harufu, basi. Kipya kikawaka. Kikawaka kama kuni! Unga wa mbao na lami, umeshindiliwa na kupakwa rangi.

Badibanga hakufanya mzaha. Akasema kwa sauti ya chini: "Na Swedi alishakwenda."

Alhamisi, 9 Julai

Mama Mianda hununua kartoni tupu kwenye magereji. Sote tunajua. Tulidhani ni za kufungia samaki wakavu. Nikamwuliza, akanicheka.

"Eh, Tata Alimasi! Samaki inaomba kartoni safi? Ya kusimama muzuri, njo Mulumba anakamata."

Mulumba ndiye anayeniletea mzigo kutoka Lubumbashi.

Anapeleka wapi? Akaonyesha kwa kidevu: mtaa wa Kasulo. Uani kwa shemeji ya Mulumba kuna kinu cha chuma cha kushindilia unga wa mbao. Huko Lubumbashi hutiwa nailoni tu na kubandikwa etiketi mpya.

Kumbe! Zimezaliwa Kasulo, mahali ninapofika kwa miguu, zikaenda Lubumbashi kutafuta uzungu, zikarudi kwangu.

Nikaenda huko, nikamkuta Mulumba. Hakukana. Alisema hata hizo za Ulaya, nani aliona zilipozaliwa? Zinatengenezwa Taiwan, India. Mzungu anatia kartoni yake tu. "Tata, kila mutu anabatiza mutoto wa mwenzake."

Nusu yake ni kweli. Nimeona kartoni za majina mawili, moja ghali na moja rahisi, na chini ya rangi alama ya kiwanda ni moja. Lakini zile za India haziwaki moto. Nikamwambia hivyo.

Akaniangalia bila hasira. "Mi sikuandika *amana*. Wewe njo uliandika."

 

Ijumaa, 10 Julai

Nimekosa sala ya Ijumaa. Nilikuwa misioni, mbele ya foni, redio ya mapadri ya kuitana na misioni nyingine. Misioni ya Sandoa, iliyo njiani, wakajibu, sauti imejaa makelele: kamio ya Swedi ilipita jana kwenda Musumba. Alilalamika juu ya harufu ya kuni. Akawashusha abiria wote, akatafuta kati ya magunia nani anachoma mahindi! Hakumpata. Wakaendelea.

Mahindi! Na mimi nilimwambia breki ni za Ulaya.

Misioni ya Kapanga, karibu na Musumba, hawajibu.

Badibanga amezisafisha garnitiri za zamani za Swedi na kutia mafuta katika Land Rover yake. Anasema zimelika, lakini zitashika mpaka nyumbani. Kesho tunawafuata.

Jumamosi, 11 Julai

Kapanga kimya. Padri anaita, anangoja, anaita.

Nimetundika ubao mlangoni: mwenye neno langu ndani ya kartoni asiendeshe gari, alete mfuniko. Sikuwa nimemaliza kupiga misumari, madereva wamejaa. Mmoja anabeba watoto wa shule. Mwingine, wa zahanati, alisimamisha gari kwa kugonga ukuta. Wote wamekuja na mifuniko. Walikuwa wameitunza! Wananiuliza mimi: ipi nzuri, ipi mbaya? Nani mwingine anaweza kuwaambia?

Badibanga anapiga honi. Kiti cha mbele ni changu.

Nikampa mfuko wa garnitiri dirishani. Sikupanda. "Mulete Shida," nikamwambia. Akasema: "Nitamuleta, Tata." Akakwepesha macho. Tiketi ya treni nimempa dereva wa zahanati airudishe stesheni.

Mbabula inawaka mlangoni. Tunajaribu piesi moja moja. Foni kule misioni bado haijasema kitu.

Kasongo sirudi.