Prosesa Mbili na Mpole Wetu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za mgongo wako, acha nikuambie alichofanya Mpole sasa hivi. Ametambaa mpaka chini ya meza, akabandika kiganja kwenye ubavu wa kompyuta inayonguruma, kisha akalaza na shavu papo hapo, akacheka peke yake hadi mate yakamtoka. Baba yake amembeba kumpeleka sebuleni, nami nimeshika kalamu.

Haya, mgongo unaendeleaje? Na yule jirani yako, bado anahesabu wageni wako kupitia dirishani? Sisi hapa tu wazima. Mkwe wako anakusalimu. Ameanza kunenepa, ila ukimwambia anasema shati ndilo lililorudi kwa kufuliwa.

Usishangae kusikia kuna kompyuta kwangu. Kazi yangu pale studio unaijua: harusi ikisharekodiwa, mimi ndiye ninayekata video, namtoa mjomba anayepiga miayo, namwacha bibi harusi anapolia. Tangu nijifungue nilikuwa nachelewesha kazi, na bosi akaanza kusema ikiendelea hivi atatafuta mtu mwingine. Si mtu mbaya, Mama, wateja ndio wanaomkaba. Mwishowe akasema kuna kompyuta mbili stoo, nichague moja nifanyie kazi nyumbani.

Kwa macho zinafanana kama mapacha. Fundi wa studio, tunayemwita Bisibisi kwa sababu haimtoki mfukoni hata akienda msibani, akasema tofauti iko ndani, kwenye prosesa. Hiyo ndiyo inayofikiri, ndiyo ubongo wenyewe. Moja ni ya zamani, mpole wa mambo. Nyingine ni mpya, ina akili za watu wanane waliofungiwa chumba kimoja, na joto lake ni la watu wanane. Bosi hakuamini. Akataka zishindane: zipewe video ile ile, zianze pamoja, tuone.

Mpole nilikuwa nimemlaza kwenye benchi, juu ya shuka, ubavuni mwa ile mpya. Zikawashwa. Ile mpya ikamaliza harusi nzima wakati kwenye ya zamani bibi harusi hajafika hata ukumbini. Lakini kelele, Mama! Feni ililia kama mashine ya kusaga. Mama wa kaunta akaziba masikio, akasema hiyo si kompyuta, ni ndege inatafuta uwanja. Bisibisi akamjibu kwamba mbona yeye akicheka ni vivyo hivyo na hakuna anayemzima.

Wote wakanishauri nichukue ya zamani, mtoto apate kulala. Nami niliona kabisa kwamba kwa mwendo wake ule kazi itanitoka mikononi. Bisibisi alinionea huruma, akaifungua ile mpya aone kama feni itatulia. Mfuniko wa bati ukamponyoka, ukaanguka sakafuni chini ya benchi. Sote tuliruka. Mpole hakufumbua hata jicho.

Bosi akasema huyu ana usingizi wa mlinzi, tukacheka. Kisha mama wa kaunta akaacha kucheka. Mpole alipoamka, mama huyo akajibanza nyuma yake, akapiga makofi. Akapiga tena, kwa nguvu. Mtoto alikuwa akichezea kidole changu tu. Mama wa kaunta alikuja akanishika mkono.

Mama, wewe ndiye uliyempa jina la Mpole. Ulisema hujapata kuona mtoto asiyeshtuka hata mlango ukibamizwa. Usijilaumu, hata mimi nilikuwa nikimtambia kila mtu. Tumempeleka kwa daktari wa masikio, tukarudishwa kwa vipimo vingine, na majibu ni kwamba mjukuu wako hasikii. Labda husikia ngurumo kubwa sana, kwa mbali. Nimelia, sikufichi. Mkwe wako alinizidi, akasingizia vitunguu, na jikoni hakukuwa na kitunguu.

Lakini daktari alisema tumewahi. Atapimiwa kifaa cha masikio, nasi tujifunze kuongea kwa mikono. Tumeshaanza! Juzi alifumba ngumi akaifungua, ndiyo ishara ya maziwa. Aliomba maziwa, Mama, kwa mkono wake! Baba yake akamletea na kumletea mpaka mtoto akageuza uso. Ishara ya bibi bado. Kila asubuhi namwonyesha picha yako ya ukutani, nafanya ishara, ananitazama kama mimi ndiye mtoto.

Ile kompyuta ya mbio ndiyo niliyoichukua. Natia pamba masikioni, kazi inaisha mapema, bosi ametulia. Na Mpole anaipenda kwa ule mtetemo wake.

Nisalimie baba mdogo, na jirani pia, mwambie dirisha letu liko wazi. Nina ombi moja. Ukija, usiache kumwimbia. Usiseme haina faida. Mlaze kifuani kama ulivyokuwa ukinilaza mimi, uimbe kwa ile sauti yako nzito. Ataweka kiganja, ataweka na shavu, utaona.

Subiri, mkwe wako ananiita kutoka sebuleni, anapiga kelele niache kila kitu nije, eti Mpole amesimama mwenyewe mbele ya picha yako, na mkono wake unafanya ile ishara ya bi…