Kazi Yako ya Mashimo Meusi, Dada Lamunu

Dada Lamunu,

Tangu jana kinywa changu kichungu. Aliyenitia kinyaa ni yule mwalimu aliyesimamia utafiti wako chuoni, yule aliyelia juu ya jeneza lako kumshinda Mama.

Alitualika kwenye mhadhara. Wa kukuenzi, alisema. Mama akavaa gomesi yake ya zambarau, tukateremka kutoka Old Kampala, tukakaa mbele. Taa zikazimwa. Ukutani ikatokea picha uliyoihangaikia hadi ukiwa mgonjwa: shimo jeusi linazunguka, juu na chini yake mikondo miwili ya mwanga inafoka mbali kupita nyota.

Siku uliponieleza, Mama alikuwa anasonga ugali wa posho. Ukaelekeza kidole kwenye mwiko. "Tazama, Oryem. Shimo likizunguka linaburuta hata anga iliyo kando yake. Nyuzi za sumaku zinasokotwa kama kamba, na huenda ndizo zinazokamua nguvu ya ule mzunguko na kuirusha nje. Watu hudhani mwanga unatoka tumboni mwa shimo. Humo hakitoki kitu!"

Mwalimu wako akayasema yote hayo, Dada. Kwa Kiingereza, lakini yako, hata hilo "tumboni". Chini ya picha jina moja tu, lake. Watu wakapiga makofi naye akainamisha kichwa, eti mnyenyekevu. Pyuu!

Mama, ambaye hajui kusoma, akaninong'oneza, "Jina yake iko wapi?"

Nikamwambia haliko. Akasimama.

"Mwalimu, hii picha mimi naijua. Ilikuwa inawaka kwa kompyuta, kando ya kitanda ya mtoto yangu."

"Mama, sayansi ni ya wote," akajibu, akitabasamu. Kuna waliocheka.

Baadaye akatufuata mlangoni, akamshika Mama bega. Eti ataongeza neno la shukrani kwako, mwishoni mwa kazi hiyo. Mama akauondoa ule mkono kama mtu anayebandua konokono.

"Usimshukuru. Andika ni yake."

Leo nimekwenda kwa mkuu wa idara. "Tutaliangalia," amesema, huku macho yakiwa kwenye simu. Lakini wenzako wawili wa maabara wamekubali kurudi nami Jumatatu, kusema waliyoyaona kwa macho yao.

Lala, Dada yangu. Nakuahidi sitachoka kabla yao. Mama naye ameanza kujifunza kuandika jina lako. Anasema siku watakapoliweka, anataka kuona mwenyewe kama wamelikosea.

Mdogo wako,
Oryem