Nafasi ya Kitenge kwa Ngoma ya Askari

Kindu, 20 Juni 1946

Mudogo wangu Kitenge,

Jambo sana. Mwili iko namna gani? Miye niko muzima, magoti tu njo inasumbua, na mudomo haipumuziki.

Jana tulicheza ngoma ya askari karibu na gare, pale treni inasimama. Wote wenye walienda vita ya Abisinia walisimama mustari, Louis mukubwa wa ngoma akaita majina. Mwenye iko anajibu "Présent", ni kusema niko hapa. Mwenye alikufa, ngoma inamujibia, pu, kisha wanafunga nafasi yake. Mwenye hajarudi, ndugu yake anasimama pale na kusema "Iko njiani". Miye nilijibu kwa jina yako. Odile, jirani yetu, akacheka eti nacheza kama bata mwenye kushiba. Bwana yake Florentin, mupiga ngoma, alirudi toka vitani na tumbo mbele, hata kuinama hawezi, lakini ile Odile haoni.

Wenzako walirudi. Weye unangoja nini huko Albertville? Napika ugali ya watu wawili, yako kuku njo wanamaliza.

Yaya yako, Euphrasie

Albertville, 3 Septemba 1946

Yaya,

Salamu nyingi. Magoti yako sasa? Miye nashona nguo na masini ya mukono.

Sikukuambia: muguu ya kuume walinikata huko vitani. Kindu yote ilinijua mwenye kucheza mbele ya wengine. Sitaki Odile anione na fimbo. Wakiita tena jina yangu, acha ngoma ijibu. Wafunge nafasi.

Mudogo wako, Kitenge

Kindu, 22 Juni 1947

Mudogo wangu,

Habari ya huko? Unakula? Barua yako niliisoma mpaka mboga ya sombe ikaungua kwa moto.

Jana wakaita jina yako. Florentin akainua fimbo ya ngoma, maana nilimwambia vile weye ulitaka. Nikamushika mukono. Watu wakageuka kunitazama, hata Odile.

Nikasema: "Louis, unaita jina, huiti muguu. Muntu anaweza kujibu akiwa amekaa."

Louis akafikiri, akakubali. Nikaleta kiti ya marehemu baba, nikaiweka kwa mustari. Odile njo aliipanguza vumbi na kitambaa yake mwenyewe. Basi usimwogope tena.

Treni ikifika naenda gare. Watu nawaambia nanunua samaki.

Yaya yako, Euphrasie

Kindu, 21 Juni 1948

Kitenge, mudogo wangu,

Jambo tena. Barua yako haijafika, labda nguo za watu ni nyingi. Huku Odile alizaa mapacha, Florentin anatembea kama njo yeye alizaa.

Ngoma ilikuwa jana. Kiti yako niliibeba mapema. Lakini magoti haikubali tena kusimama, basi nikaikalia miye. Louis alipoita jina yako nikajibu kwa nguvu, Florentin akashtuka.

"Iko njiani."

Kisha wakaanza kucheza, wakapita huku na huku. Miye nilibaki pale nimekaa, mpaka wakabeba ngoma yao, wakaenda.

Yaya yako, Euphrasie