Miaka Aliyoongezewa Hooyo

Garissa, Jumanne. Joto la kumkaanga mtu, na hata upepo ukija unaleta vumbi tu. Sina hamu ya kuandika, lakini nikinyamaza nitapasuka.

Vikwazo vya korona vimelegezwa. Mji mzima unazungumza hayo. Safari za Hija zimefunguliwa tena, na hooyo, mama yangu, amezisubiri tangu zilipofungwa. Alikubali chanjo zote, ingawa majirani walimwambia atakufa. Barakoa alivaa hata akilisha mbuzi.

Wiki iliyopita alianza kuomba msamaha. Kwetu mtu haendi Maka akiwa ameacha kinyongo nyuma. Alizunguka mtaa nyumba kwa nyumba, na magoti yake hayo mabovu, akisema nisameheni nilichowakosea, huenda nisirudi. Alifika hata kwa Mama Fardosa, ambaye hawakuwa wakisalimiana naye tangu mbuzi wetu watafune dera lake jipya. Wakalia wote wawili. Mama Fardosa akampa tasbihi yake aende nayo.

Leo asubuhi nimekwenda kwa wakala wa safari. Runinga yake ilikuwa inaonyesha meli za watalii zimerudi baharini. Meli kubwa ajabu, na wazee wa Kizungu wanapanda na mikongojo yao, wanacheka. Walahi nilifurahi nao. Nikasema kumbe dunia imefunguka.

Wakala akatazama kitambulisho cha hooyo, akanirudishia. Mwaka huu waliofika miaka sitini na mitano hawaruhusiwi kuhiji. Sababu ni korona.

Hooyo hana miaka hiyo!

Zamani alipokwenda kuomba kitambulisho, maafisa walitaka kujua kama ni Msomali wa hapa au amevuka mpaka. Abti, kaka yake mkubwa, akamwongezea miaka kumi hivi, ionekane alizaliwa Kenya kabla ya uhuru. Ikapita. Abti alijisifia ujanja ule mpaka anakufa, Mungu amrehemu. Leo ningempata ningemgombeza mpaka sauti inikauke.

Nimemwambia hooyo baada ya alasiri. Alikuwa mkekani anapaka hina. Hakulia. Nilimsimulia pia habari za zile meli, sijui kwa nini, labda nilitaka tukasirike pamoja. Akauliza wale wazee wana miaka mingapi. Nikasema wengine wanaonekana wamefika themanini.

"Haye, sawa," akasema, akaendelea kupaka hina. Halafu akaacha kupaka.

"Watu wote wameshaniaga. Sasa nitatoka nje na uso gani?"

Wakala anasema huenda mwakani sharti litaondolewa. Huenda. Lakini magoti yale yatafika mwakani? Mimi sioni. Nimechoka kutumaini, nasema kweli.

Jioni amenituma maziwa ya chai, yeye ambaye siku zote huenda kuyanunua mwenyewe ili apige soga. Njiani nimekutana na Mama Fardosa. Macho yanamng'aa. Akanishika mikono yote miwili.

"Hooyo wako simwoni. Ameshaondoka?"

Ulimi wangu huu! Nikasema ndiyo, ameondoka alfajiri. Akainua mikono akamwombea dua ndefu, pale pale barabarani, nami nikaitikia amina.

Nimerudi na maziwa. Hooyo amefunga dirisha, yuko gizani na tasbihi ya watu. Sijamwambia. Nitamwambiaje kwamba sasa inabidi akae ndani mpaka mahujaji warudi?