Mkia kwenye Picha ya Dastan

Jumanne, 9 Septemba 2025
Kaka Dastan kapiga simu nikiwa darasani Kahororo. Ameua nyoka kwenye kibanja cha Mama, shamba letu la nyumbani kule Buganguzi – mweusi mgongoni, njano tumboni. Alikuwa chini ya nyasi za matandazo ya migomba, karibu na kaburi la Baba. Wa tatu ndani ya mwezi mmoja, eti.

Nikauliza, kichwa kikoje? Kifutu hupenda nyasi zile, ila hana rangi hiyo. Au ni swila katoka kule mtoni? Akasema nyoka ni nyoka, mwalimu, acha maswali! Keshampata mtu wa kununua kibanja. Mama ahamie kwangu mjini, Bilele. Ukoo unakaa Jumamosi.

Nimemwambia Dativa, mdogo wangu, ninayeishi naye hapa. Akasema maskini Mama, akaendelea kumenya ndizi.

Jumatano, 10 Septemba
Picha imefika kwenye simu. Nimecheka ofisini mpaka mwalimu Kyaruzi akageuka. Mkia! Umebapa kama kasia. Huyo ni nyoka wa baharini! Sumu anayo, tena kali, lakini nchi kavu hata kutambaa kunamshinda. Kutoka Bahari ya Hindi mpaka Buganguzi alipanda basi gani? Dastan kaiokota mtandaoni. Jumamosi nitamuumbua mbele ya ukoo mzima. Mama haendi popote!

Alhamisi, 11 Septemba
Beseni. Jana niliangalia mkia tu, beseni sikuliona. La bluu, limepasuka ukingoni. Pembeni kuna kidole cha mguu, kimepakwa rangi nyekundu.

Kidole changu.

Picha ni yangu. Semina ya walimu wa biolojia Tanga, mwaka jana, wavuvi walimtoa nyoka huyo wavuni. Nilimtumia mtu mmoja tu. Nimekagua simu mara tatu. Dativa. Nilimwandikia, ona mkia huo! Akajibu kwa vicheko.

Dastan haniumizi moyo, ni mwongo tangu utotoni. Lakini huyu! Nimemsomesha. Tunakula sahani moja. Namsikia bafuni anaimba.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimemuuliza. Hakukana. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Akasema, Pasaka wewe na kaka mlikaa mkaamua nirudi kijijini nikamtunze Mama, kwa kuwa sina mume. Nani aliniuliza? Kibanja kikiuzwa, Mama anakuja huku, na mimi nabaki na cherehani yangu.

Ni kweli hatukumuuliza. Hasira haijapungua hata kidogo. Angeniambia mimi! Mimi dada yake!

Jumamosi, 13 Septemba. Buganguzi
Naandika nyuma ya jiko. Nimewaambia naenda chooni.

Mama kakonda. Siku hizi analala kwenye kiti, miguu juu ya stuli. Kibanjani anapiga nyasi kwa fimbo kila hatua, na kaburini kwa Baba hajafika wiki tatu. Hili ndilo wamemfanyia.

Dastan kazungusha picha. Baba mdogo Kagaruki akasema mwalimu wa nyoka tunaye, atuambie. Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi, mkono wake juu ya kichwa cha Dativa.

"Waitu, wanangu, Dastan peke yake nisingemwamini. Lakini huyu, alipokuja kunitembelea mwezi uliopita, kaniapia kwa jina la baba yenu kwamba nyoka wa aina hiyo kamwona hapa kwa macho yake. Huyu hajawahi kunidanganya."

Dativa kainamisha uso. Nami nikaomba kutoka.

Nikisema ule mkia ni wa baharini, kibanja kinapona. Na Mama anajua, leo hii, mbele ya wote, mwanawe aliapa nini. Nikinyamaza, Mama anaondoka hapa akiwa na mtoto mmoja wa kumwamini – na kaburi la Baba linapandwa miti ya mtu.

Kwa nini mzigo huu niubebe mimi? Sikuapa mimi!

Wananiita. Wamemtuma Dativa. Namwona anakuja, kaacha njia, anakatiza kibanjani. Mama kasimama mlangoni na fimbo yake, anampigia kelele apite njiani. Dativa yuko pekupeku ndani ya nyasi mpaka vifundoni, na chini haangalii hata mara moja. Mama kaishusha fimbo. Anaitazama ile miguu.