Kwa Mke Mwenzangu Aliyehamishiwa Upanga

Mke mwenzangu mpendwa,

Nakuandikia hadharani, huenda mtu mwingine akakusomea, kwa sababu macho yako hayaoni tena maandishi, na barua ya bahasha angekusomea mwanao Idrisa. Sitaki aisome yeye akiwa ameketi karibu yako, maana atadhani namshitaki. Simshitaki.

Unakumbuka tulivyoanza? Mzee Athumani aliponileta kwenye nyumba hii ya Kariakoo, wewe bi mkubwa, mimi bi mdogo, tulikaa miaka tisa na majiko mawili uani, na maneno yetu yalikuwa "pisha" na "samahani" tu. Mzee alikula mara mbili kila jioni ili kila mmoja wetu aridhike. Maskini, alinenepa kwa woga.

Kisha akafariki, tukakaa eda chumba kimoja, miezi minne na siku kumi. Wiki ya kwanza ulinipa mgongo. Wiki ya pili, mchana mmoja, ukauliza bila kugeuka, "Hivi na kwako alikuwa anakoroma?"

"Dada, bati lilikuwa linatikisika."

Ulicheka mpaka ukajifunika khanga usoni, ukihofia waliokuja kutupa pole watakusikia. Nami nikacheka, halafu tukalia. Nadhani siku ile ndiyo tuliyomlilia kwelikweli.

Eda ilipokwisha, kaka yangu alikuja kutoka Utete kunichukua. Mtoto sina, mume hayupo, nibaki kwa nani? Mzigo nilikuwa nimeshaufunga. Ukatoka jikoni na upawa mkononi. "Kaka, huyu haendi popote. Mimi nani atanisuka?" Kaka akanitazama, mimi nikatazama chini, mzigo ukafunguliwa.

Tangu hapo jiko likawa moja. Vyumba vingine tukapangisha, chetu tukalala wawili. Halafu akaja yule binti karani wa sensa na kishikwambi chake, akatuamkia vizuri, akauliza mkuu wa kaya ni nani. Mimi nikakuonyesha wewe, wewe ukanionyesha mimi.

"Bibi zangu, hiki kinataka mmoja tu."

Ukakubali uandikwe wewe. Akauliza mimi ni nani wako.

"Mke mwenzangu."

"Na mume yuko wapi?"

"Kaburini."

Binti akakuna kichwa, akapekua weee, akasema neno hilo halimo, akaniandika kuwa si ndugu. Ulikasirika kutwa nzima. Mimi nilicheka tu.

Nilikuwa sokoni kununua samaki siku uliyoteleza uani. Nyonga ikavunjika. Ulipotoka hospitali, Idrisa hakukurudisha Kariakoo. Alikupeleka kwake Upanga, ghorofa ya nne. "Mama mdogo," aliniambia, "nyumba ile choo kiko nje. Na wewe mwenyewe magoti hayakubebi. Mtabebanaje?" Alikuwa anasema kweli, na ni wewe uliyemzaa.

Nilikuja mara tatu. Mara ya tatu, nilipoaga, ukanishika khanga ukasema, "Ngoja nivae viatu, twende." Kusimama huwezi, na ulikuwa unapapasa viatu chini ya kitanda. Idrisa alinisindikiza mpaka chini, machozi yakimlenga. "Mama mdogo, ukishaondoka anakaa siku mbili hali, anadai arudishwe. Naomba upumzike kidogo kuja. Mpaka azoee."

Nikasema sawa. Ningesema nini? Siku hizi mtu akizeeka ni wa wanawe, na wanawe wanaishi flati ya vyumba viwili, baba na mama na watoto wao. Mke mwenza wa mama atawekwa wapi humo? Idrisa hana kosa. Ndiyo maana sina hata wa kugombana naye. Kutoka hapa mpaka Upanga ni safari fupi ya bajaji, na mimi mwezi wa tatu huu nimekaa kizingitini nasubiri uzoee. Kuna siku naomba usizoee, kisha najuta kuomba hivyo.

Jana mkweo, mke wa Idrisa, alinipigia simu. "Shikamoo, mama mdogo. Mama anakataa uji wa kila aina. Ule wenu mlikuwa mnaupikaje?"

"Marahaba, mwanangu." Nikamwelekeza polepole: unga wa mchele, tui la nazi, hiliki, chumvi kidogo sana. Akaandika yote, akashukuru, akakata. Hakusema nije.

Sikumwambia kwamba uji ule hukuupenda hata siku moja. Ulikuwa unaunywa ili mimi nisinywe peke yangu.

Nakuaga, bi mkubwa wangu. Kula, hata kidogo, hata bila mimi.

Mke mwenzako,
Bi mdogo