Mwenza Aliyeniletea Uji

Koku mjukuu wangu,

Huku Kagondo hatujambo, ila mjomba wako bado anakohoa. Umeniuliza mwenza na mwenzi wana tofauti gani, maana yule binti uliyefungua naye saluni anajiita vyote viwili.

Mwenza ni mtu mnayegawana naye nafasi moja. Mimi niliolewa nikamkuta mke mkubwa, mwenza wangu, na miaka miwili sikuonja chakula chake. Nilipojifungua mama yako, akaniletea uji. Niliutazama tu. Akaketi, akanywa nusu mbele yangu, akanisogezea uliobaki. Siku hiyo nilipata mwenzi.

Huyo wako mchunguze, usiharakishe. Hata mimi uji ule sikuunywa mara moja. Nilingoja kwanza nione kama ataanguka.

Bibi yako